Kibebeo cha Chupa Kwenye Pikipiki ni Sehemu ya Tiba

Asubuhi moja ya mwezi Julai, wakati baridi ya Ufipa ilikuwa bado haijaondoka kwenye majani, niliziona pikipiki mbili zikifuatana katika barabara itokayo Mollo kuelekea katikati ya mji wa Sumbawanga. Ya kwanza ilibeba kreti mbili za soda. Kila chupa ilisimama katika chumba chake, shingo juu, haigusani na jirani yake, na kreti zilikuwa zimekazwa barabara juu ya keria. Ya pili ilitoka katika zahanati moja ya pembezoni. Nyuma ya dereva palifungwa ndoo ndogo ya rangi, iliyooshwa na kufunikwa, kwa mpira wa tyubu. Kila gurudumu lilipoingia katika shimo, ndoo ile iliruka na kutua. Nilipoikuta baadaye mlangoni mwa maabara, niliona kilichokuwamo: vikopo vya makohozi vya wagonjwa, vimelazwa pamoja juu ya pamba, na kimoja kati yake kimemwagikia wenzake.

Siku chache baadaye mwenye kikopo kile, mzee mkulima, alifuata majibu yake. Nilikuwapo.

“Shikamoo, baba,” kijana wa maabara alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Majibu yangu yametoka?”

“Samahani sana, baba. Kikopo chako kilifunguka njiani, makohozi yakamwagika. Itakubidi utoe mengine.”

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: “Mimi nilikifunga, na muuguzi akakikaza mbele ya macho yangu. Sasa aliyekifungua ni nani, mwanangu?”

Hakuna aliyemjibu. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mzee yule. Jibu langu ni hili: kikopo kilifunguliwa na barabara, na sisi wenye taaluma ya afya tuliiruhusu barabara ikifungue, kwa kuwa hatujawahi kukihesabu kifaa kinachobeba chupa juu ya pikipiki kuwa ni sehemu ya tiba. Tumenunua mashine ya kupima, tumemfundisha mtaalamu wa maabara, tumechapisha fomu. Kati ya mgonjwa na mashine kuna kilometa nyingi za vumbi na tope, na hapo tumeweka ndoo ya rangi.

Ninatoa hoja kwamba kibebeo cha chupa kwenye pikipiki kisanifiwe, kijaribiwe na kinunuliwe kama tunavyofanya kwa kipimo cha shinikizo la damu au jokofu la chanjo. Kisiachwe kuwa ubunifu wa dharura wa dereva asubuhi ya safari.

Wengine watasema pikipiki ni usafiri wa kupita, na kwamba siku si nyingi magari yatafika kila mahali. Kwa Ufipa sioni dalili hiyo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kata zinazouzunguka, kama Mollo, Pito, Ntendo na Senga, zimetandazwa juu ya uwanda ambao mvua zake huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo, njia ambayo mwezi Agosti gari lilipita bila taabu hugeuka kuwa utelezi, na anayefika ni mwenye miguu au mwenye pikipiki. Ukielekea Bonde la Ziwa Rukwa, unashuka takriban mita 1,000 kutoka uwandani hadi kwenye joto la bondeni, kwa njia ya kona na makorongo. Chupa iliyofungwa asubuhi katika baridi ya uwandani hufunguliwa mchana katika joto la bondeni. Pikipiki itabaki nasi kwa muda mrefu, basi na tuiheshimu kwa kuitengenezea mzigo wake.

Ni vema tuelewe kwanza kinachoipata chupa njiani. Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu zina injini ya silinda moja. Injini ya namna hiyo hutetemeka mfululizo, na mtetemo wake hupita kwenye fremu hadi kwenye keria. Juu ya mtetemo huo hujumlishwa mapigo ya barabara ya changarawe. Mfuniko wa kuzungusha hushikilia kwa msuguano tu kati yake na nyuzi za shingo ya kikopo. Ukiutikisa kwa saa nzima, msuguano huo hulegea, na mfuniko huanza kurudi nyuma polepole bila mkono wa mtu. Kikopo kikiwa kimelala, umajimaji unakuwa tayari umefika mlangoni. Unasubiri tu mlango ulegee. Ndiyo maana kreti ya soda husimamisha chupa. Aliyeisanifu kreti alijua jambo ambalo sisi tumelisahau.

Madhara hayaishii kwenye kumwagika. Damu iliyo katika mrija ikitikiswa kwa nguvu, seli zake nyekundu hupasuka, na baadhi ya vipimo, kikiwamo cha potasiamu, hutoa majibu ya uongo. Insulini ikitikiswa mno na kupata joto, huanza kuganda vipande vidogo vidogo na kupoteza nguvu. Mgonjwa wa kisukari atajichoma dozi sahihi ya dawa isiyo sahihi. Chanjo zina matatizo ya pande mbili. Ile ya polio ya matone huharibiwa upesi na joto, ilhali ile ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile ya pamoja ya watoto yenye kinga tano huharibiwa zikigandishwa, kwa mfano zikigusana na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Makohozi yanavumilia zaidi: maelekezo ya kipimo cha GeneXpert huyaruhusu kukaa hadi siku 3 katika joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, ingawa ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 ndio unaopendekezwa. Hata hivyo, kasha jeusi lililoachwa juani nje ya duka wakati dereva anakunywa chai hupita nyuzi hizo bila mtu kujua.

Kanuni ya kufungasha sampuli ipo na inafahamika. Shirika la Afya Duniani na mikataba ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa hutaka tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni chombo chenyewe kisichovuja. La pili ni chombo kingine kisichovuja kinachokifunika cha kwanza, na kati yao huwekwa kitu cha kufyonza kinachotosha kunyonya umajimaji wote endapo utamwagika. La tatu ni kasha la nje lenye kuhimili kishindo. Kifurushi kamili cha sampuli za kawaida za wagonjwa, zile zinazopewa alama UN3373, hutakiwa kuanguka kutoka kimo cha mita 1.2 bila kuvuja. Mita 1.2 ni juu zaidi ya kiti cha pikipiki. Kwa hiyo, aliyeanguka na pikipiki yake kwenye utelezi wa Ufipa alikwisha kufikiriwa katika kanuni. Pengo lililobaki ni kuishusha kanuni hiyo kutoka kwenye karatasi hadi kwenye keria.

Kibebeo kinachofaa kingekuwaje? Nitaeleza ninavyokiona, ili wenye ujuzi kunizidi wanikosoe.

Ndani yake kila kikopo kiwe na chumba chake, kisimame wima na kibanwe bila kucheza. Vyumba vichongwe katika sponji nzito isiyonyonya maji. Sponji ya godoro haifai: hunyonya makohozi yakimwagika, haisafishiki, na siku ya pili inakuwa yenyewe chanzo cha maambukizi. Malighafi ya soli za kandambili inafaa zaidi, kwa sababu matundu yake yamejifunga kila moja peke yake. Huoshwa kwa klorini na kukauka. Juu ya vikopo, upande wa ndani wa kifuniko cha kasha, liwekwe tabaka la sponji hiyo hiyo litakalogandamiza vifuniko vya vikopo kasha linapofungwa. Mfuniko uliogandamizwa hauna nafasi ya kuzunguka. Naamini hatua hii moja ingemwokolea mzee wetu safari yake ya pili.

Kasha la nje liwe gumu na jeupe, au lenye rangi inayorudisha jua. Kifuniko chake kishuke kuzifunika kingo, kiwe na ukingo wa mpira wa kuzuia mvua na vumbi, na komeo lisilofunguka kwa mtikisiko. Fomu za maabara zikae katika bahasha ya plastiki nje ya chombo cha pili, zisilale na vikopo. Fomu iliyolowa makohozi haisomeki, na anayejaribu kuisoma anajihatarisha.

Kuhusu kufunga kasha kwenye pikipiki, kosa letu kubwa ni mpira wa tyubu. Mpira unaovutwa hurudi, na kila unaporudi huongeza mruko wa mzigo. Mpira unaokandamizwa hufanya kazi nyingine kabisa: hupunguza mtetemo. Basi mpira uwe chini ya kasha, vipande vinne vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu, na kasha likazwe juu yake kwa mikanda isiyovutika au kwa bolti zinazofunguliwa kwa mkono. Lazima lifunguke kwa wepesi, kwa sababu kasha linapaswa kuingia maabara pamoja na dereva. Si la kuachwa nje juani likisubiri foleni. Likae karibu kabisa na mgongo wa dereva na chini kadiri inavyowezekana. Mzigo uliosukumwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huliinua gurudumu la mbele, na usukani unakuwa mwepesi pale hasa dereva anapouhitaji, yaani kwenye mteremko na kona. Kati ya kasha na bomba la moshi iachwe nafasi ya hewa kupita.

Jambo la mwisho katika usanifu halihitaji fundi: kasha la sampuli libebe sampuli tu. Chanjo zina kasha lake, na hazikai pamoja na makohozi hata kwa safari moja. Wala kasha hilo halibebi samaki, nyama au mkate wa kupeleka nyumbani. Liandikwe kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka kutoka mbali, pamoja na alama ya hatari ya kibiolojia na namba ya simu ya kituo, ili yeyote atakayelikuta limeanguka ajue asilifungue na ajue pa kupiga simu.

Nani atalitengeneza? Hapa ndipo Ufipa inaponipa matumaini. Hii ni nchi ya wahunzi. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, zilizopita kimo cha mtu, na wakayeyusha ndani yake mawe ya chuma kwa hewa iliyojivuta yenyewe, bila mivukuto, hadi karne ya 20 ilipoingia. Watu waliotoa jembe katika udongo hawashindwi na keria ya pikipiki. Leo wajukuu wao wanachomelea milango na madirisha katika karakana za Sumbawanga. Shirika la SIDO limekuwa likihudumia viwanda vidogo nchini tangu mwaka 1973, na vyuo vya ufundi stadi vina wanafunzi wanaotafuta kazi halisi ya kujifunzia. Kinachokosekana ni oda: mganga mkuu wa halmashauri amwite fundi, dereva na mtaalamu wa maabara wakae meza moja, kila mmoja aseme anachohitaji. Mara nyingi vifaa vyetu husanifiwa mbali na watu wasiowahi kupanda pikipiki njia za masika.

Na majaribio yake ni rahisi mno. Jazeni vikopo maji yenye rangi, vikazeni kama kawaida, wekeni karatasi nyeupe ya kufyonza chini ya kila kimoja, kisha mpeni dereva aende Mollo na kurudi kwa mwendo wake wa kila siku. Doa moja kwenye karatasi ni kushindwa. Wekeni kipimajoto ndani na kukisoma baada ya saa mbili juani. Angusheni kasha kutoka kimo cha mita 1.2. Rudieni yote wakati wa masika. Jaribio la namna hii halihitaji ufadhili, na majibu yake yanaeleweka kwa fundi, kwa daktari na kwa mgonjwa.

Najua hoja zitakazopingana nami. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba kasha zuri litagharimu kuliko ndoo ya rangi. Lakini ndoo ile haikuwa ya bure. Mzee alilipa nauli mara mbili na kupoteza siku ya shamba. Maabara ilipoteza muda wa kusafisha na kuandika upya. Dereva alikaribia ugonjwa bila kujua. Na kama mzee alikuwa kweli na kifua kikuu, familia yake iliendelea kuvuta hewa moja naye kwa siku zote hizo kabla ya dozi ya kwanza. Gharama hizi hazionekani katika kitabu cha hesabu cha kituo kwa sababu zimeandikwa katika maisha ya wengine.

Hoja ya pili ni teknolojia: kwamba ndege zisizo na rubani zitaliondoa tatizo hili. Rwanda imekuwa ikisafirisha damu kwa ndege hizo tangu mwaka 2016, na hapa kwetu mwaka 2018 zilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Nazipongeza jitihada hizo. Lakini tazameni vizuri: damu ya Rwanda hushuka kutoka angani ndani ya boksi lililosanifiwa kwa kazi hiyo moja, likiwa na mwavuli wake. Hata mwenye ndege alianza kwa kufikiri juu ya boksi. Anayesubiri ndege ndipo afikiri juu ya boksi amegeuza mambo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi: kwamba kosa ni la dereva, aende polepole. Dereva wa bodaboda hulipwa kwa safari, hakufundishwa kilichomo ndani ya ndoo, na hakupewa glavu wala maelekezo ya kufanya kikimwagika. Kumlaumu yeye ni njia rahisi ya kujiondoa sisi. Taifa letu limekwisha kuonyesha kwamba dereva wa kawaida anaweza kuwa mshirika wa afya: mfumo wa m-mama, kupitia namba 115, huwatumia madereva wa jamii kumfikisha mama mjamzito hospitali, na huwalipa. Kama tunamwamini dereva kwa uhai wa mama na mtoto, tunaweza kumwamini kwa chupa, mradi tumpe kifaa, mafunzo ya siku moja na malipo ya haki. Ndani ya kifuko cha kasha awe na glavu, kitambaa cha kufyonza na chupa ya klorini ya asilimia 0.5.

Kwa wenzangu katika zahanati na vituo, naomba mambo ambayo hayahitaji kusubiri kasha jipya. Kaza mfuniko, kisha mgeuze mgonjwa shahidi wako: mwoneshe kwamba umekazwa. Bandika lebo kwenye kikopo chenyewe, kamwe si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Simamisha vikopo, usivilaze. Kikivuja, andika kwenye daftari tarehe, njia na namna kilivyofungwa. Maabara zetu huandika kwamba sampuli ilikataliwa. Ni mara chache tunaandika kwa nini ilivuja. Bila maandishi hayo hatutamshawishi mtu yeyote mwenye fungu la fedha.

Na kwako wewe mgonjwa: unapokabidhi kikopo chako, una haki ya kuuliza kitasafirije na majibu utayapata lini. Swali hilo si utovu wa adabu. Makohozi uliyoyatoa alfajiri kutoka kifuani, kwa maumivu pengine, ni mali yako hadi yafike kwenye mashine. Ukiambiwa yamemwagika, usikate tamaa wala usione aibu. Rudi utoe mengine, kwa sababu kifua kikuu kinatibika na dawa zake hutolewa bila malipo.

Mzee yule alitoa mengine. Alikikaza kikopo mwenyewe, akampa muuguzi, kisha akatoka nje kuangalia kinavyofungwa kwenye pikipiki. Alisimama pale hadi dereva alipoondoka. Mgonjwa asiyetuamini tena na kulinda kikopo chake kwa macho hajakosea. Ametupa sisi kazi ya kufanya. Siku atakapoona kikopo chake kikiingia katika chumba chake, kimesimama kama chupa ya soda ya muuza duka, ataweza kurudi shambani bila kugeuka nyuma.